Maji Yapo: Mwongozo kwa Anayehamia Bunju

Dalali atakuambia maji yapo, na wala hakudanganyi. Kinywani mwa dalali neno "yapo" ni pana kuliko kiwanja anachokuuzia. Yapo bombani Jumanne usiku. Yapo kisimani kwa jirani. Yapo kwenye boza lililopita sasa hivi likitimua vumbi. Yapo ardhini, mita 80 kwenda chini, kwa atakayejaliwa kuchimba. Hata bahari ipo, ukipanda juu ya paa utaiona. Swali la kumuuliza ni maji gani, na hapo ndipo simu yake huanza kuita.

Tuanze na bomba, kwa heshima ya mita. Bomba kuu linatoka mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976 na ambao sasa una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Linafuata barabara ya Bagamoyo kwenda mjini, nawe utalipita kila asubuhi umening'inia kwenye daladala, kama mtoto anayepita nje ya nyumba yenye pilau. Ukibahatika kuunganishwa, umepata maji ya mto yaliyoshuka kutoka Milima ya Uluguru. Ni maji laini, sabuni inayapenda. Kasoro yake ni tabia. Huja saa nane usiku, na kabla hayajafika hutanguliwa na upepo: koki inakohoa, inapiga mluzi, inatema matone mawili, inanyamaza. (Upepo huo, majirani wanaapa, nao husomwa na mita.) Mkongwe wa hapa huacha koki wazi juu ya ndoo tupu ya bati ili mlio umwamshe. Mgeni huacha koki wazi juu ya beseni la plastiki, akaamka asubuhi kandambili zinaelea.

Wakati wa masika yatakuja na rangi ya chai ya maziwa. Yaache yatulie, uyamimine taratibu, uyachemshe. Siku nyingine yatanuka dawa, na mgeni atakunja pua na kuyamwaga. Hiyo ni klorini, harufu pekee katika mwongozo huu ambayo unapaswa kuifurahia. Acha ndoo wazi saa chache, itapungua yenyewe.

Bomba likikauka, kama mwaka 2022 mvua zilipochelewa, Ruvu ikashuka na jiji likaingia kwenye mgao, utapiga simu kwa mtu wa boza. Muulize maji yanatoka wapi, atakujibu Ruvu. Maboza yote hutoka Ruvu. Kama kweli mto ule ungetoa maji yote yanayotajwa kwa jina lake, tungekuwa tunavuka Bunju kwa mitumbwi.

Sasa kisima, ambacho ndicho shule yenyewe. Upande huu wa jiji umekaa juu ya mawe ya chokaa, matumbawe ya kale yaliyokuwa bahari kabla ya kuwa viwanja. Mlima Wazo hapo jirani unachimbwa mawe hayo kutengenezea saruji. Mvua ikinyesha hushuka na hewa ukaa iliyoiokota angani na udongoni, inakuwa na ukali kidogo, inaramba yale mawe na kukaa nayo chini. Pampu inapoyavuta maji hayo, yanakuja na kalsiamu na magnesiamu. Wataalamu huyaita maji laini yakiwa na chini ya miligramu 60 za chokaa kwa lita, na magumu sana yakizidi 180. Sisi tunayaita yote maji ya chumvi, hata yasipokuwa na chumvi, na huo ndio mwanzo wa kuchanganyikiwa. Yaliyo karibu na pwani huweza kuwa na chumvi kweli, ile ya bahari, na hayo ukiyachemsha unayakoleza tu. Magumu ya chokaa ukiyachemsha hulainika kiasi, kwa sababu sehemu ya chokaa huganda na kubaki chomboni.

Kubaki wapi? Fungua birika lako la umeme baada ya mwezi mmoja. Ukoko mweupe umeganda chini na kupanda pembeni, na ukilitikisa linalia kama kayamba. Usilitupe. Jaza siki au maji ya ndimu, chemsha, acha lilale usiku kucha, asubuhi mwaga. Hita ya kuoga haina bahati hiyo: chokaa huivika koti, joto halitoki, koili inaungua, na fundi atakuambia umenunua feki. Chai nayo itaota ngozi nyembamba juu, yenye kung'aa na kupasuka ukiichovya kijiko. Tone la ndimu linaizuia. Kanga zitakakamaa kwenye kamba kama bati, na sabuni ya mche, badala ya povu, itakupa ukoga wa kijivu unaobaki ukutani mwa ndoo.

Lakini ugumu wa maji utaujulia jikoni. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Lushoto aliinjika maharage saa nne asubuhi. Saa nane mchana bado yalikuwa yanagonga sufuria. Aliyatazama maharage, akautazama mtungi wa gesi, mwisho akamtazama binti yake. Hakusema neno. Jioni nikamsikia nje akimuuliza mke wangu, kwa sauti ya chini kabisa, kama ndivyo tunavyokula siku zote. Kesho yake akayachemshia maji ya dumu la Ruvu, yakaiva. Ungeweza pia kutia magadi kidogo, ila mama alikuwa ameshaandika kosa kwenye daftari lake.

Ukishafika hapo utakuwa na hofu, na hofu ina harufu ambayo wauzaji wa mashine za kuchujia huinusa kutoka Tegeta. Atakuja kijana mwenye tai na begi. "Shikamoo mzee, naomba dakika tano za afya ya familia yako." Atatoa glasi mbili: moja ya maji ya kisima chako, nyingine ya maji yaliyotoka kwenye mashine yake. Atazamisha vyuma viwili katika kila glasi na kuchomeka kwenye umeme. Ndani ya dakika moja maji yako yanageuka kahawia, kisha kijani, yanaota povu la uchafu. Ya kwake yako vilevile, meupe. "Mzee, haya ndiyo wanayokunywa watoto."

Alipofanya hivyo kwetu, mke wangu akaenda jikoni, akarudi na chumvi, akatia vidole viwili kwenye ile glasi yake safi. "Rudia, baba."

"Mama, sasa hiyo chumvi..."

"Rudia tu."

Ikageuka kahawia kuliko yetu. Vyuma vile ni vya kawaida, na umeme ukipita vinayeyuka na kushika kutu. Maji yasiyo na madini hayapitishi umeme vizuri, basi havifanyi kitu. Kinachoonekana kwenye glasi ni kutu ya chombo chake. Aliondoka akiwa na adabu zote, akasahau glasi moja ambayo haikuwa yetu. Na ujue: chujio la kawaida la mkaa hupunguza harufu na tope, lakini chokaa iliyoyeyuka hupita humo kama mwenye nyumba.

Kichekesho ni kwamba chokaa haitakuua. Shirika la Afya Duniani halijaweka hata kiwango cha kiafya cha ugumu wa maji. Inakera birika na wakwe, basi. (Wenzetu wa Arusha wana floraidi, isiyo na ladha, isiyoondoka kwa kuchemsha, inayowatia watoto meno ya kahawia. Wao wana haki ya kulalamika.) Maji ya kuogopa ni yale utakayoyasifia: ya kisima kifupi cha jirani mkarimu, baridi, matamu, meupe, sabuni inatoka povu hadi kiwikoni. Muulize choo chake kiko wapi. Kanuni inayotajwa sana ni kisima kukaa mita 30 kutoka shimo la choo. Viwanja vyetu vingi ni 20 kwa 20. Ukipima kona kwa kona unapata mita 28, na hapo hujahesabu choo cha jirani wa nyuma, wala cha wa kulia. Wadudu wa kipindupindu hawana ladha. Hayo chemsha mpaka yatokote, au tia klorini, kila siku, hata kama mwenye kisima ni shehe.

Kwa hiyo siku ya kwenda kuangalia nyumba, beba kipande cha sabuni ya mche mfukoni. Omba kunawa mikono kwenye kila koki utakayoonyeshwa. Dalali akiuliza kulikoni, mwambie umetoka kula samaki.