Kibali cha Fataki

Kosa langu lilikuwa kulitamka neno lenyewe mbele ya foleni. Nilifika dirishani, nikaamkiwa vizuri, nikaulizwa shida yangu, nami nikasema kwa sauti ya mtu aliyepiga pasi shati: "Naomba kibali cha fataki." Binti wa dirishani akainua macho kutoka kwenye simu, akazitazama mvi zangu, akasema, "Jamani baba, mpaka kibali?" Foleni nzima ikaangua kicheko.

Kwa msiokumbuka, mwishoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na kampeni redioni ikimsema Fataki, jibaba linalorubuni mabinti wa shule kwa vijizawadi. Kampeni ilipendwa mno, hata neno halikurudi tena kwa wenyewe. Mwenye mvi halitamki ofisini bila kujieleza. Nikajieleza: fataki za kurusha juu, mkesha wa mwaka mpya, uwanja wa mpira wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, kila nyumba imechanga shilingi 5,000, mimi ndiye katibu wa kamati. "Ahaa," akasema, bado anajifuta machozi, "hizo ni baruti. Hazipo kwetu."

Ilikuwa tarehe 2 Desemba. Nilidhani nimewahi.

Manispaa yenyewe siitaji, maana bado naishi humo. Afisa utamaduni alinipokea vizuri, akasema burudani ni yake lakini moto si wake. Watu wa zimamoto wakasema moto ni wao, ila mkusanyiko wa watu ni wa polisi. Kituoni nikaambiwa mkusanyiko sawa, lakini je, baruti yenyewe madini wanaijua? Nikadhani afande ananitania. Kumbe hatanii. Tuna Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na baruti nchi hii zinasimamiwa na watu wa madini, wale wale wanaokagua maghala ya baruti migodini. "Baruti ni baruti, mzee," afande akaniambia, "iwe ya kupasulia mwamba Geita au ya kuchekeshea watoto." Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa na boksi nne za kuchekeshea watoto, tena kwa fundi mwenye leseni yake, na tayari nimewekwa kundi moja na wachimba dhahabu.

Kila ofisi ilitaka barua ya serikali ya mtaa. Mtendaji wetu anaandika kwa mkono, na muhuri wake umekauka tangu uchaguzi. Anausogeza mdomoni, anaupumulia haaa, anaugonga, anautazama, anaupumulia tena. Nakala sita, pumzi kumi na mbili. Ya tatu ilisomeka "mtaa" peke yake, ikakataliwa, nikapanda bodaboda kurudi kuomba pumzi nyingine.

Ofisi moja (wacha niiache hivyo hivyo) iliniuliza fataki zitapaa umbali gani. Fundi alishanieleza kwamba ganda la inchi 3 hupaa mita 90 hivi. Nikasema mita 90. Afisa akaweka kalamu chini. "Unajua ndege zinapita hapo kwenu?" Nikamwambia, kwa heshima zote, ndege ikionekana mita 90 juu ya uwanja wetu wa mpira, fataki ndiyo itakuwa shida ndogo kuliko zote usiku ule. Hakucheka. Aliandika kitu kirefu kwenye faili.

Kamati nayo haikunisaidia. Wajumbe walitaka rangi za bendera ya taifa. Fundi akawaeleza kwa upole kwamba kijani inatoka kwenye bariamu, njano kwenye sodiamu, buluu kwenye shaba, tena buluu ndiyo inayowatesa mafundi dunia nzima, ikizidi joto inapauka. Na nyeusi? "Nyeusi mnayo tayari," akasema, "ndiyo usiku wenyewe." Mjumbe mmoja akataka hiyo nyeusi itolewe kwenye bei.

Kibali kilitoka tarehe 31 Desemba, saa 9 alasiri, baada ya mfumo wa malipo kugoma siku mbili. Kizuri kweli, kina nembo, sahihi mbili na masharti saba. Mitungi miwili ya kuzimia moto, ipo. Ndoo za mchanga, zipo. Watoto wakae nyuma ya kamba, sawa. Sharti la nne nilisoma mara tatu, nikampa mke wangu asome: "Shughuli yote iwe imekwisha ifikapo saa 6:00 usiku."

Mwaka mpya, ndugu zangu, unaanza saa 6:00 usiku.

Nikarudi mbio. Ofisi imefungwa, mlinzi anakula wali. "Njoo tarehe 2, mzee."

Kila Desemba polisi hutangaza marufuku ya kuchoma matairi na kupiga baruti bila kibali. Ilipogonga saa 6, mtaa wa nyuma ukawaka wote. Sufuria, mabati, matairi, honi, na baruti ambazo hata fundi wetu hakuzijua jina. Zilipaa kulia, zilipaa kushoto, moja ikapita juu ya paa la mtendaji. Askari wawili walikuja uwanjani kwetu moja kwa moja, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na anwani kwenye faili. Wakakisoma kibali kwa tochi, wakatazama saa: 6 na dakika 2. "Muda wenu umekwisha, mzee." Nyuma yao anga lilikuwa jekundu, kijani, na buluu. Buluu safi kabisa! Fundi akasimama mdomo wazi, kisha akaanza kufunga boksi zake.

Majirani mnaonipigia kudai 5,000 zenu: zimekwenda kwenye malipo ya awali ya fundi, ambayo hayarudi, ada, bodaboda na nakala. Risiti ninazo zote, zimepigwa muhuri. Ya tatu tu ndiyo haisomeki vizuri.