Kata Kushoto, Kata Kulia

Bedford TJ la baba mkubwa lilipotoka kupakwa rangi, nusu ya Ngamiani ilikuja kulitazama. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, na hili la kwetu Tanga lilikuwa limelala chini ya mwembe tangu sijaota ndevu, kuku wa jirani wakitagia ndani ya kabini. Sasa lilikuwa buluu ya kung'aa, bodi ya mbao imepigwa vanishi, na juu ya kioo cha mbele kumeandikwa MWENYE WIVU AJINYONGE. Wenye wivu wangesubiri liingie barabarani tu, wala wasingehitaji kamba.

Maana usukani wake ulikuwa pambo. Uliuzungusha kiasi cha robo hivi ndipo tairi zikapata habari. Ukielekea Pangani, lenyewe linawaza Muheza. Likishika mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, tairi za mbele zinaanza kutetemeka, na kila shimo linarudisha usukani kwa hasira kwenye vidole gumba vya baba mkubwa. Likiwa tupu, nyuma linaruka hadi abiria wa kabini wanakijua kimo cha paa kuliko aliyelitengeneza.

Mtaani, ugonjwa wa gari haukosi madaktari. Dereva mmoja mstaafu wa mabasi aliinama, akachungulia, akasema springi. Mama muuza vitumbua alisema lori limerogwa na waliozoea kuokota mayai humo. Kijana wa bodaboda, bila hata kushuka kwenye pikipiki, akasema, "Alaimenti hiyo, mzee." Alaimenti kwa gari ni sawa na malaria kwa mtu: ukikosa la kusema, sema hiyo.

Fundi wa kwanza hakuuliza wala hakupima. Alifungua boneti, akaiendea steringi boksi na spana, akakaza skrubu ya juu mpaka usukani ukaacha kucheza. Dakika hiyo tulimwona bingwa. Tukaingia kipilefti. Baba mkubwa akakata kona vizuri kabisa, kisha akangoja usukani urudi wenyewe, kama zinavyorudi sukani zote zenye adabu. Haukurudi. Tulizunguka tukampita trafiki, tukazunguka tukampita tena, na safari hii baba mkubwa akaona ni utovu wa heshima kutomsalimia. "Shikamoo afande!" akapiga kelele, ingawa afande alikuwa na umri wa mjukuu wake.

Sababu tulikuja kuijua baadaye. Gia za ndani ya boksi huisha zaidi pale katikati, kwa kuwa muda mwingi gari huenda moja kwa moja. Ukizikaza zikashikana vizuri hapo, ukikata kona zinabana, kwa sababu pembeni hazijalika. Ndiyo maana boksi huguswa mwisho, vingine vyote vikishapimwa.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa malori, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Akailegeza ile skrubu, akatandika gunia chini ya lori, akalala chali, akasema anataka mtu wa kukaa kwenye usukani. Kila familia yenye gari bovu ina mtu wa namna hiyo, na kwetu ni mimi. "Kata kushoto. Kata kulia. Kidogo kidogo! Mbona unakata kama unakimbizwa?" Injini imezimwa, tairi ziko chini na uzito wake wote, naye anatazama kila kiungo: kipi kinasogea, na kinachofuata kinachelewa kuitikia. Tairodi endi za pande zote mbili zilikamatwa hivyo, hadharani.

Kisha akapiga jeki chini ya ekseli, akaishika tairi juu na chini, akaitikisa. Ko-ko, ko-ko. "Kanyaga breki," akaniambia. Nikakanyaga. Alikuwa akisikiliza kama sauti itanyamaza. Ikinyamaza, beringi ya wili ndiyo mkosaji. Haikunyamaza. "Kingpini," akasema, akavua kofia.

"Si zilipigwa grisi!" baba mkubwa akapinga. Fundi akakwangua buluu kwa ukucha. Chini yake kukatokea nipo ya grisi, imezibwa na rangi barabara. Ya upande wa pili vilevile. Fundi rangi wetu alikuwa mwaminifu mno, hakuruka kitu. Grisi yote iliyolipiwa ilikuwa imeishia nje.

Kingpini zikabadilishwa pamoja na bushi zake, na tairodi endi pia. Fundi akachukua mshipi wa kuvulia samaki, akapima kati ya tairi mbili za mbele, upande wa mbele na upande wa nyuma, akarekebisha mpaka mbele pakawa pembamba kwa milimita chache tu. Kijana wa bodaboda akapita, akauona mshipi, akadai pesa yake ya ushauri.

Tetemeko likaisha, lakini lori bado lilivuta kushoto. Tukazibadilisha nafasi tairi za mbele, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia; kama ubaya ungekuwa wa tairi, lingevuta kulia. Likavuta kushoto. Fundi akatupeleka uwanja wa mpira, likanyooka kama msumari. Ilikuwa barabara: imeinamishwa kando ili maji ya mvua yatiririke, nasi tunaendesha kushoto. Baba mkubwa alitaka kujua barabara inabadilishwa kwa bei gani.

Kuruka je? Fundi akaagiza mchanga. Springi zilizotengenezwa kwa ajili ya tani kadhaa zitamheshimuje mzee mmoja na kijana wake? Tulipopakia, lori likatulia likawa la kistaarabu. Siku hizi linakwenda hata harusini na mchanga wake.

Siku ya majaribio tukashika njia ya Pangani. Lori limenyooka, usukani mwepesi. Ila kila baada ya hatua chache tulikuwa tunahamia kulia, kule wanakotoka wenzetu. Fundi akachungulia magurudumu, kisha akaitazama mikono ya baba mkubwa. Bado ilikuwa inalivuta kulia kwa nguvu zote, kama ilivyozoea.

"Mzee," akasema kwa upole, "mpe kijana."

Baba mkubwa akasema kijana hajui kukata usukani, hata fundi mwenyewe ni shahidi, akaongeza gia.