Sifa za Pampu ya Mafuta

Tumbaku ya Usinge ina wasifiaji, asali nayo inao. Pampu ya mafuta ya lori inaambulia matusi tu, tena mbele ya abiria. Leo nitaitetea.

Unyamwezi ni nchi ya wapagazi. Karne ya 19 walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na aliyedhulumiwa posho alitua mzigo porini akatoroka. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914, upagazi ulionekana umekwisha. Kumbe ulihamia chini ya boneti: kipampu kinachovuta dizeli kutoka tangini na kuifikisha kwenye pampu kubwa ya nozeli. Nacho kimerithi mila zote za ukoo, hata kutua mzigo.

Kina adabu. Hakifi mbele ya gereji, huko kungekuwa kujipendekeza. Husubiri pori la kuelekea Malagarasi, tumbaku imepakiwa hadi kamba zinalia, ndipo gari lichukue upepo. Linakohoa, linazima. Abiria walionuniana tangu Kaliua sasa wanaitana shemeji.

Fundi mzuri huanza na mfuniko wa tangi. Kitundu chake cha hewa kikiziba, mafuta hayatoki, na pampu inasingiziwa. Aulegeze, injini ikikubali, mtuhumiwa aachiwe huru. Isipokubali, akague filta, mipira na washa za shaba kwenye maungio. Upande unaovuta, ufa mdogo unaweza usidondoshe dizeli hata tone. Unaingiza hewa tu. Akishaukomesha, alegeze skrubu juu ya filta, apampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe.

Ukarimu wenyewe uko kwenye kiwambo, ile ngozi ya ndani ya pampu inayovuta mafuta. Kikichanika, pampu za kizamani zilizofungwa ubavuni mwa injini humwaga dizeli kwenye oili. Asubuhi unachomoa stiki, oili imeongezeka! Nani mwingine hukujazia usichonunua? (Wenye wivu husema oili nyepesi hivyo huua beringi. Wana haki, lakini hapa tunasifu.)

Mambo yakishindikana kabisa, dumu hupandishwa juu ya paa, mpira ukashushwa, mafuta yakateremka yenyewe. Hivyo ndivyo Cessna 172 za kabureta zinavyokunywa, kwa kuwa matangi yao yamo mabawani, juu ya injini. Piper Cherokee, yenye mabawa chini, hubeba pampu mbili, moja ya injini na moja ya umeme, maana angani hakuna pa kuegesha. Pampu mbovu basi imelipandisha lori cheo likaingia ukoo wa ndege, na utingo aliyekumbatia dumu huko juu ni rubani msaidizi. Kuruka nako linaruka, kila likikuta shimo.