Asidi, Besi na Kanzu ya Bavyaa

Bavyaa amekwenda nikahi na kanzu ya mwanawe. Mwanawe anamshinda urefu kwa kichwa kizima, kwa hiyo mzee ameondoka ameikamata kanzu mbele kwa mikono miwili, hatua fupi fupi, akikwepa madimbwi ya vuli yaliyobaki mtaani. Hakunena kitu. Aliyenena ni mavyaa. Alisimama mlangoni, akanitazama mimi na mikono yangu iliyoiva manjano hadi viwikoni, kisha akaniuliza kwa ule upole wake unaouma kuliko matusi:

“Mwanangu, na hii ndiyo shule?”

Ndiyo shule, Mama. Gredi ya 7, Sayansi Jumuishi, mada ya asidi, besi na viashiria. Muhula unaanza Januari, na nina kifungua mimba anayesomea nyumbani ambaye bado sijamchagulia mtaala wa sekondari msingi. Nikaona nisiuziwe mbuzi kwenye gunia: kila mtaala tuuonje sura moja moja kabla sijatoa pesa. Sura ya kwanza ikatoka kwenye kitabu cha serikali. Na wakwe wakawasili kutoka Lamu, kwa ajili ya harusi, sura hiyo ikiwa imefunguliwa mezani.

Lawama naiweka kwenye maneno machache tu ya vitabu hivi: “vifaa vinavyopatikana kwa urahisi katika mazingira.” Tangu mtaala wa umilisi uenezwe nchi nzima mwaka 2019, hakuna mzazi wa Kenya asiyeyajua. Ndiyo yaliyokula trei za mayai, vizibo vya chupa, vipande vya leso na usingizi wa akina mama. Safari hii yalitaka maji ya mmea wenye rangi na kitu cheupe cha kuyapimia. Maua ya choya hatuna. Kabichi ya zambarau ndiyo bingwa wa shughuli hii, maana kwenye asidi hugeuka nyekundu na kwenye besi hugeuka kijani, lakini sokoni Marikiti wanaiuza kana kwamba unaipeleka posa. Manjano hayakosekani katika nyumba ya Mswahili. Kijana akachota, akakoroga kwenye spiriti ya vidonda, kwa sababu manjano hayayeyuki vizuri katika maji matupu. Na pamba nyeupe ilipatikana kwa urahisi katika mazingira. Ilikuwa imetundikwa mlangoni, imepigwa pasi, inanukia udi.

Simsingizii mtoto, hakuichovya. Yeye aliiweka bilauri ukingoni mwa meza ili aende akatafute kitambaa. Kitinda mimba ndiye aliyepita mbio akimfukuza paka.

Likatokea doa la manjano upana wa kiganja, kifuani. Mimi nimezaliwa na kulelewa kwenye mchuzi, doa la manjano halinitishi. Nikanyakua kipande cha sabuni nikasugua. Likawa jekundu. Msinielewe vibaya, si rangi ya chungwa wala ya hina. Jekundu la damu mbichi, na kila nilivyosugua ndivyo lilivyotapakaa, hata povu lenyewe likaingia wekundu. Hapo ndipo mavyaa alipotia kichwa kuuliza habari za kahawa.

“Subhanallah! Mmemchinja nani?”

“Mama, usisuuze!” kijana akapiga kelele. “Usisuuze kwanza!” Akatoka mbio. Nikadhani anakwenda kuleta maji. Alikwenda kuleta daftari.

Sasa nitaeleza kilichotokea kwenye kifua cha ile kanzu, na asiyetaka kusikia aende akapike, maana mimi nimeshindwa kuacha kulifikiria. Rangi ya manjano inatoka kwenye kitu kinachoitwa kurkumini. Molekuli yake ni mnyororo wa kaboni wenye pete mbili, moja kila mwisho, na kwenye pete hizo kuna haidrojeni ambazo hazikushikwa kwa nguvu. Zikiwa mahali pake, molekuli hufyonza mwanga wa buluu na zambarau, na jicho letu likabaki kuona manjano. Sabuni ya kipande ni besi. pH yake huwa kati ya 9 na 10. Besi kazi yake ni kunyang'anya haidrojeni. Ikishazinyang'anya, elektroni zilizobaki hutawanyika kwa uhuru zaidi kwenye ule mnyororo, na molekuli ileile sasa hufyonza mwanga mwingine, wa kuelekea kijani. Kinachobaki cha kuonekana ni wekundu. Mageuzi yote hayo huanza kwenye pH kama 7.4 na kukamilika kwenye 8.6, yaani hatua ndogo tu kupita maji safi. Ina maana kwamba mwanamke yeyote wa pwani aliyewahi kumwagikiwa na mchuzi akakimbilia sabuni alikuwa anafanya kemia, na hakuna aliyempa cheti.

Lililo tamu kuliko yote ni kwamba haidrojeni hurudi. Ukiirudishia asidi, molekuli huchukua ilichoporwa na rangi ikawa ya mwanzo. Kijana alinikabidhi nusu ya ndimu bila kuinua macho kutoka kwenye jedwali lake. Nikakamua. Damu ikatoweka, manjano yakarejea, pale pale, mbele ya macho yetu. Mavyaa akashusha pumzi. “Alhamdulillahi,” akasema.

Mwanamke mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi nikachukua sabuni tena. Sikuwa nasafisha, nilitaka kuona. Jekundu. Ndimu: manjano. Sabuni: jekundu. Kijana anaandika, mimi nakamua, na chumbani bavyaa, kikoi na fulana, anauliza kwa sauti ya heshima kanzu yake imefika wapi. Hakuna aliyemjibu. Kijana akamgeukia nyanya yake aliyekuwa bado amesimama na kijaluba chake cha tambuu mkononi. “Bibi, naomba chokaa kidogo.” Mavyaa, nadhani kwa mshtuko tu, akampa. Chokaa ya tambuu ni besi kali kuliko sabuni, na doa likapiga wekundu mzito ambao sijawahi kuuona jikoni kwangu. Mavyaa akainama. Akalitazama kwa muda.

“Huu si ule unga wanaojipaka Wahindi kwenye paji la uso?”

Ndio huo huo! Kumkumu ya asili hutengenezwa kwa manjano na chokaa, na mama huyu, ambaye hakuwahi kukanyaga maabara, amelijua kwa kulitazama tu. Kijana akaandika jina lake kwenye daftari chini ya kichwa “Mtaalamu kutoka jamii,” kwa sababu mtaala wa umilisi unapenda sana wataalamu kutoka jamii. Nilidhani tumempata. Kisha adhana ya Alasiri ikatoka, nikahi ikawa inangoja, na mtaalamu wetu akakumbuka kanzu ilikuwa ya nani.

Kwa faida ya atakayefikwa: dawa ya doa hili ni jua. Mwanga huivunja kurkumini yenyewe, isiweze tena kugeuka rangi yoyote. Ila inahitaji jua la mchana, na sisi tulikuwa na jua la Alasiri na bavyaa aliyevaa fulana.

Kuhusu tathmini. Mtaala una viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Kwa sekondari msingi wakavigawa kila kimoja mara mbili vikawa vinane, ili mtu ajue ameanguka ngazi gani hasa. Mavyaa alinipa cha chini kabisa bila kusema. Mwanawe hakupewa kiwango chochote, kwa kuwa hakuwa na somo. Wakati wote huo alikuwa sebuleni na simu yake. Aliinuka kutoa kanzu kabatini, akaitwa mtoto mwema mwenye kumjali babake.

Nililicheka hilo hadi usiku, halafu kicheko kikaniishia. Kwa sababu mitaala niliyoionja imeandikwa Nairobi, Texas na Cambridge, na waandishi wake hawakubaliani juu ya Mungu, wala tahajia, wala umri wa kuanza aljebra. Wamekubaliana jambo moja tu: kwamba nyumbani yuko mtu asiye na kazi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, anayejua pamba imewekwa wapi, na atakayefagia. Wanamwita mzazi. Sijaona mchoro hata mmoja wa mzazi huyo akiwa na ndevu. Kazi yangu inayoleta unga nyumbani huanza watoto wakilala, na kwa sababu naifanya nimekaa kitandani, hakuna katika ukoo huu aliyewahi kuiita kazi.

Mtaala wa Texas niliazimwa na jirani yangu Mkristo, mama mwenye subira ambayo ningeinunua kama ingeuzwa. Unaitwa Accelerated Christian Education, ulianzishwa mwaka 1970. Vitabu vyake ni vijitabu vyembamba, 12 kwa somo kwa mwaka, na mtoto hapandi hadi apate asilimia 80. Dini yake si yetu, kwa hiyo sikuununua, lakini kuna jambo moja lililonikaa moyoni. Mwanafunzi hukaa kwenye kibanda chake, amezibwa kwa ubao kushoto na kulia asione wenzake. Akikwama haiti mtu, haondoki mahali pake. Hupachika kibendera juu ya kibanda, akaendelea kuketi kimya hadi mkubwa aje. Fikiria. Ukiona bendera, unakuja. Huulizi kwa nini chakula kimechelewa. Nimemwuliza jirani kama vibendera vinauzwa peke yake bila vitabu, na kama vipo vya watu wazima.

Wa Cambridge, wa umri wa miaka 11 hadi 14, ulikuwa mzuri hadi nilipobadilisha bei kutoka pauni kwenda shilingi. Nikamjaribu Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, aliyetaka masomo mafupi na watoto watoke nje wakatazame maumbile. Tukatoka, tukayatazama, na kaa mmoja akamshika kitinda mimba kidole.



Nimerudi kwenye mtaala wa serikali, na si kwa ajili ya manjano. Baada ya ripoti ya mwaka 2023 ya jopo la rais kuhusu elimu, masomo ya sekondari msingi yalipunguzwa kutoka 14 hadi 9, na tisa naweza kuyabeba, hata Kilimo, ambacho tutakifanya kwenye ndoo. Kizuizi ni mtihani. Matokeo ya mwisho wa Gredi ya 9 yana sehemu tatu: asilimia 20 ya mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 ya alama ambazo shule inamtolea mtoto katika Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 ya karatasi yenyewe. Ile sehemu ya katikati haitoki jikoni. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni, basi. Kwa hiyo mtoto asomaye nyumbani lazima awe na shule ya kuazima.

Nikampigia simu mwalimu mkuu wa shule moja isiyo mbali. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza mtoto ana maradhi gani. Nikamwambia hana maradhi, anasoma. Akauliza anasomeshwa na nani. Nikamwambia ni mimi. Akanyamaza kidogo, akauliza kama baba yake mtoto yupo karibu.

Baba yake mtoto alizungumza naye kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Walicheka, sijui kuhusu nini. Jina litaingia, dawati lipo, alama zitajadiliwa. Kwa wiki mbili nilikuwa nikiandaa majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeulizwa. Kisha orodha ya sare ikaingia kwenye simu yake, naye akanitumia mimi, nikanunue: suruali, mashati, tai ya shule, na sweta ya sufu ya mikono mirefu. Mtoto huyu atakwenda pale kwa tathmini na mtihani tu. Nikapiga tena kuuliza sweta ya nini, Mombasa, kaskazi imeshaanza kuvuma. Nikaambiwa ndio utaratibu, bila sare kamili faili haifunguliwi.

Dukani nikakuta sweta moja inazidi bei ya kitabu cha Sayansi Jumuishi na cha Hisabati vikijumlishwa. Muuzaji akaniuliza mtoto ana miaka mingapi ili anipe inayomkaa.

Nimechukua saizi ya baba yake.