Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Wetu

Mkurugenzi Mtendaji,
Taasisi yetu (mwenyewe unaijua).

YAH: SLAIDI KUGOMA MBELE YA MGENI RASMI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupongeza kwa hatua ulizochukua baada ya aibu ya kikao cha robo mwaka. Ndani ya siku mbili umeunda kamati ya watu tisa na kununua projekta mpya. Ile ya zamani imepelekwa stoo kwa kosa ambalo haikulitenda. Kamati imeshakaa mara tatu, na mara zote sambusa zimeisha kabla ya ajenda ya pili.

Mimi ndiye niliyesimama pale mbele na rimoti mkononi. Naomba nieleze kilichotokea kabla kamati haijasafiri kwenda kujifunza kwa wenzetu.

Mara ya kwanza faili halikuwa bovu. Halikuwamo. Katibu muhtasi alinakili kile kijipicha chenye mshale mdogo kwenye kona, akakitia kwenye flashi, akaniambia, "Tayari, kaka." Kumbe ile ni njia ya mkato tu, kibao kinachoelekeza chumba kilipo. Nikabeba kibao hadi ukumbini, chumba nikakiacha ofisini. Ningetupia jicho ukubwa wake ningejua: kilobaiti 2! Wasilisho letu lina picha zako 64, kila moja kama ilivyotoka kwenye simu, na halijawahi kushuka chini ya megabaiti 180. Ndiyo maana tunatembea na flashi. Gmail haibebi kiambatisho kinachozidi megabaiti 25. Programu yenyewe ya slaidi inaweza kuzibana picha hizo na ukutani zikaonekana vilevile. Niliwahi kupendekeza hivyo. Nikaulizwa nina tatizo gani na sura ya Mkurugenzi.

Kijana wa Tehama akatumwa ofisini mbio na flashi nyingine. Faili likiwa bado linanakiliwa, kitaa kinawaka na kuzima, simu yako ikaita: "Uko wapi?" Akaichomoa flashi kama mtu anayeng'oa mhogo kwenye shamba la jirani. Tulipoichomeka ukumbini, ukuta mzima ukajaa ujumbe kwamba faili lina hitilafu na linahitaji kukarabatiwa. Mgeni rasmi akauliza kama ukarabati huo umetengewa bajeti. Ukainuka ukamjibu kwamba mchakato uko hatua nzuri.

Kijana alijaribu dawa anayoijua: kufungua wasilisho tupu na kuingiza ndani slaidi za lile bovu. Dawa hiyo huponya mara nyingi, maana faili la pptx, lililoanza kutumika na toleo la 2007 la programu hiyo ya slaidi, ni kikapu. Ndani yake kila slaidi na kila picha imefungwa peke yake, na kimoja kikioza vingine huweza kuokolewa. Lakini tulicholeta sisi kilikuwa nusu ya kikapu. Kizima kilikuwa ofisini, na kijana aliomba dakika kumi akakifuate tena. Kitabu cha kutokea kinataka saini yako, nawe ulikuwa umeketi meza kuu. Tukaenda chai.

Kisha lipo suala la jina. Waraka wako unataka kila wasilisho libebe jina kamili la taarifa pamoja na mwaka wa fedha: "Robo ya Tatu 2024/2025". Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili, wala alama ya kuuliza, wala nukta mbili. Mwenzetu wa Uhasibu alipambana na mkwaju huo hadi saa mbili usiku, akaamini kompyuta imeingiwa na kirusi, akaizima bila kuhifadhi. Slaidi 31. Programu hujiwekea akiba kila baada ya dakika 10, isipokuwa mtu awe ameizima kazi hiyo kwa madai kwamba inachelewesha mashine, na kwetu mtu huyo alishapata cheti cha mfanyakazi bora. Kistari kingetosha pale. Lakini nani athubutu kuweka kistari mahali waraka umeweka mkwaju?

Kuhusu ule utepe wa njano unaotokea juu ya faili lililotoka kwenye barua pepe, naomba usisumbuke kuja na mkasi. Ukishajua aliyelituma, unabonyezwa tu.

Ombi langu ni dogo. Siku moja kabla ya kikao, mtu mmoja alinakili faili kwenye kompyuta ya ukumbini, asubiri kitaa cha flashi kitulie, alifungue kutoka humo humo kwenye kompyuta, na alipitishe hadi slaidi ya mwisho. Kazi hiyo ni ya robo saa na haina posho, kwa hiyo naelewa ugumu wa kumpata.

Wako mtiifu,
Mwasilishaji

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati (kwa karatasi)