Asifiwe Mchagua Kitabu

Watu wa Tabora wana kawaida ya kumsifu aliyefaulu. Akirudi na cheti chake cha mitandao ya kompyuta, majirani wanampa mkono na shangazi anaanza kumwita injinia hata kabla hajapata kazi. Sina ugomvi naye. Lakini ana mwenzake ambaye hakuna aliyewahi kumtungia hata ubeti mmoja: yule aliyebaki chini ya mwembe, simu mkononi, bado anachagua kitabu cha kusomea. Leo ni zamu yake.

Fikirini kwanza uzito wa kazi yake. Mtihani anaoulenga ni CCNA wa kampuni ya Cisco, ambao tangu Februari 2020 unajulikana kwa namba 200-301. Ada yake ni dola 300, muda ni dakika 120, na swali ukishalipita huruhusiwi kulirudia. Mwenye pupa akisikia hayo anakimbilia kusoma. Mchaguzi wetu ametulia. Anauliza: nisome nini? Na swali hilo, ndugu zangu, halina mwisho.

Yupo Wendell Odom, mwandishi wa kitabu rasmi, majalada mawili yanayozidi kurasa elfu moja. Sura zake hutanguliwa na jaribio fupi la kukupima kama unahitaji kuisoma sura yenyewe, na mchaguzi amejaribu mengi kati ya hayo bila kuvuka kwenda ukurasa unaofuata. Yupo Todd Lammle, anayefundisha kwa mzaha, jambo ambalo mchaguzi analitilia shaka: kitu kinachochekesha kitakuwaje cha dola 300? Zipo video za bure za Jeremy's IT Lab, na ubure wenyewe ndio kasoro yake. Halafu anatokea rafiki mwema anayeuliza kama isingekuwa vizuri kuanza na Network+ ya CompTIA kwanza. Swali hilo peke yake lina uwezo wa kumeza Ramadhani nzima pamoja na sikukuu yake.

Na kuna desa. Nalitaja kwa heshima, maana ndilo kitabu ambacho wengi wetu tungeweza kukimudu: kopi iliyotolewa steshenari kutoka kwenye kopi nyingine, mchoro wa ruta umegeuka doa jeusi, na ukurasa wa subneti umekatwa pembeni, palepale lilipokuwa jibu. Desa linaeleza Frame Relay kwa kirefu, teknolojia ambayo mtihani uliiacha zamani. Linaeleza na RIP, itifaki ile inayohesabu hatua 15 tu, na ya 16 kwake ni ahera. Msomaji wa pupa angelinunua. Mchaguzi analipekua mara moja, anatikisa kichwa, analirudisha mezani. Niambieni, amejuaje kuwa RIP haimo tena? Amejua kwa sababu amelinganisha orodha za mada, ya zamani na ya sasa, mstari kwa mstari, usiku kucha. Kugawa subneti hajui. Lakini muulizeni subneti zimo sura ya ngapi katika kila kitabu, atawajibu usingizini.

Isitoshe, mji wenyewe unamuunga mkono. Tabora ni mji uliojengwa juu ya kungoja. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikifika Unyanyembe, yaani hapahapa, ilikuta njia zinagawanyika: ya Ujiji upande wa magharibi, ya Karagwe na Buganda upande wa kaskazini, nyingine zikishuka kuelekea Katanga. Wapagazi walilipwa wakaenda zao, wapya wakatafutwa, na wakubwa wa msafara wakakaa barazani wakijadili njia. Stanley aliingia Juni 1871, na akatoka Septemba, kwa kuwa mtemi Mirambo alikuwa amefunga barabara ya Ujiji. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara, jirani yetu hapa, tangu Machi hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Tembe la Kwihara leo ni makumbusho. Tumemwekea makumbusho mtu kwa kusubiri, halafu kijana anayesubiri toleo jipya la Odom tunamwita mvivu!

Hata hivyo, mlezi wa kweli wa wachaguzi wote si Livingstone bali ni Richard Burton. Yeye na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora hiihii, Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, mtu aliyezijua njia za bara na maziwa yake. Wakaenda Ujiji, wakaliona Tanganyika, wakarudi. Mwezi Julai 1858 Speke alifunga mizigo akaelekea kaskazini kulitafuta ziwa jingine walilosimuliwa. Burton alibaki, kwa sababu ya maradhi na kwa sababu, nadhani, palikuwa na mengi bado ya kuuliza: majina ya makabila, umbali wa vituo, maneno ya lugha, bei za vitu. Agosti 3 Speke alisimama mbele ya Nyanza. Alirudi Kazeh akasema amepata chanzo cha Nile. Burton akamwambia ushahidi hautoshi.

Walimu wa historia wanasema Speke alishinda. Mimi nasema tuangalie mbinu. Aliona kipande cha maji upande wa kusini, hakulizunguka ziwa, hakuuona mto ukitoka, akatangaza jibu. Ndivyo afanyavyo mtahiniwa aliyebakiza dakika moja: anabofya C, na C ikawa ndiyo. Burton hakubofya kitu. Alikwenda zake, na mwaka 1860 akatoa kitabu kuhusu maziwa ya bara hili, majalada mawili, kama Odom. Ziwa akalipata Speke, majalada akayapata Burton, na mchaguzi yeyote mwenye akili timamu anajua lipi ni bora.

Faida nyingine nitazipitia haraka. Mchaguzi hajawahi kuangusha mtandao wa ofisi ya mtu. Dola zake 300 zingali salama, kama alikuwa nazo. Cheti cha mwenzake kinakwisha muda baada ya miaka mitatu, chake hakiwezi kwisha. Wala hajawahi kununua maswali ya kuibwa, kwa kuwa bado analinganisha wauzaji.

Wapo wapinzani. Wanasema Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umepita Tabora, kwamba nyuzi zimefuata desturi ileile ya misafara ya kukutana hapa, na kwamba ruta zinahitaji mtu wa kuzihudumia papa hapa, si wa kuletwa kutoka Dar es Salaam kila taa nyekundu inapowaka. Wanaongeza kuwa Packet Tracer ni ya bure, na mtu angeweza jioni hii kuunganisha ruta nne, kuzipa anwani, kukata waya mmoja na kutazama itifaki ya OSPF ikitafuta njia nyingine, bila kitabu chochote. Hoja hiyo ni ya hatari na haifai kuenezwa. Mtu akianza hivyo anaweza kuelewa.

Bahati nzuri Cisco wenyewe wako upande wetu. Agosti 2024 mtihani ulibadilishwa kidogo, namba ikabaki ileile, na Odom akatoa toleo la pili. Wasomaji walinung'unika. Mchaguzi, ambaye hakuwa amenunua la kwanza, alishukuru subira yake.

Na juzijuzi akaja dada mmoja wa mtaani, amefaulu, kazi ameanza. Mchaguzi akamsogezea kiti, akamkaribisha karanga.

"Hongera, dada. Ulitumia kitabu gani?"

"Kile cha zamani cha kaka yangu, kile chenye ganda lililochanika. Nilifanya mazoezi tu kila jioni."

Mchaguzi akatafuna karanga kwa muda.

"Lakini kile," akasema kwa upole, "hakina sura ya akili unde."