Lifti ya Ghorofa ya Chini

Niliponunua fleti yangu Upanga, nilichagua ghorofa ya chini kwa hesabu mbili: magoti yangu yamekula chumvi nyingi, na asiyepanda lifti haombwi hela ya lifti. Hesabu ya pili ndiyo iliyoniumbua.

Mwezi wa kwanza mweka hazina wa jengo akaleta mchanganuo: mlinzi, taa za ngazi, pampu ya maji, dizeli ya jenereta, lifti. Nikachukua kalamu, nikaikata lifti. Akaniangalia kana kwamba nimefuta jina la bibi harusi kwenye kadi ya mwaliko.

"Jirani, hii haikatwi."

"Umeniona humo lini?"

Akakosa la kusema, nami nikajiona wakili.

Nikanogewa. Kikao cha wamiliki hufanyika kwenye maegesho, kati ya gari bovu la namba tano na mapipa ya taka. Akidi ilitimia kwa mbinde: mwenye namba tisa anaishi Muscat, akamtuma mpwa wake, na mpwa akaja na ujumbe wa sauti wa shangazi wa dakika kumi na moja. Tuliusikiliza wote, pamoja na sehemu iliyomhusu mpwa mwenyewe na posa aliyoikataa. Kisha nikasimama. "Mimi nina kuta zangu, sakafu yangu na mlango wangu. Ya juu waulizwe wa juu!" Nilipigiwa makofi na mtu mmoja, wa ghorofa ya kwanza, ambaye naye hupanda ngazi.

Jumamosi moja, miezi mitano baadaye, pilau ikiwa jikoni, choo changu kikaanza kucheua. Bomba kuu linashuka kutoka ghorofa ya nne, na lilikuwa limeziba chini yangu. Vyakula vya majirani nilizoea kuvijua kwa harufu ya ngazini. Siku ile nilivijua kwa njia nyingine.

Walikuja wote, wakasimama mlangoni. Mzee wa ghorofa ya nne alikunja msuli wake hadi magotini, akachungulia. "Kuta zako, sakafu yako," alisema taratibu. "Hayo maji yako kwenye sakafu ya nani?"

Nikakimbilia kabatini. Sheria ya mwaka 2008, inayotuwezesha kuwa na hati ya kila sehemu ya jengo, niliichapisha siku nilipopata hati yangu, nikaifungia humo kama cheti cha ubatizo. Nikaipekua nimesimama juu ya kigoda: mwenye fleti ana fungu lake pia katika mali ya pamoja. "Bomba ni letu sote!" nikapiga kelele.

"Na nini kingine?" akauliza mzee.

Ngazi. Paa. Kiwanja. Sauti ilizidi kupungua. Hata udongo ulio chini ya sakafu niliyojivunia ni ardhi ya umma, Rais akiwa mdhamini wake.

"Hujamaliza, jirani."

"Lifti," nikasema.

Gari la maji taka lilikuja jioni, tukachangishana wote. Mimi nililipa na malimbikizo ya miezi mitano, mweka hazina akiniandikia risiti kwa mwandiko mzuri sana.

Siku hizi, baada ya kahawa ya jioni, huingia kwenye lifti nikapanda hadi juu na kushuka. Juzi mzee alinikuta humo, mkate kwapani.

"Unakwenda wapi?"

"Ya nne."

"Kwa nani?"

Nikamwambia bado sijaamua.